Fuata Uchungu, Usiwinde Watoto: Hotuba kwa Wanafunzi Wapya wa Shahada ya Ukunga

Mkuu wa kitivo, wakufunzi wenzangu, wakunga mnaotupokelea wanafunzi wodini, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wenyewe wanafunzi wapya: hamjambo, na karibuni.

Kuna swali ambalo mmeshaanza kuulizwa tangu barua ya udahili ilipofika, na litawafuata hadi siku ya kuvaa joho: umezalisha wangapi? Jamaa nyumbani watauliza. Wanafunzi wa udaktari watauliza. Mkifika mwaka wa pili mtaulizana wenyewe, tena kwa mashindano. Muda niliopewa nitautumia kulipiga vita swali hilo. Mtoto hutoka kwa dakika chache. Kazi ya mkunga iko kwenye saa zinazotangulia dakika hizo na kwenye saa mbili zinazozifuata, na hizo ndizo saa ambazo mwanafunzi huzikwepa, akakaa pembeni na simu yake mpaka aitwe, "Njoo, kichwa kinaonekana."

Kwanza mjue mmeingia kwenye nini. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga lina vigezo vya elimu ambavyo nchi nyingi huvitazama: anayetoka sekondari moja kwa moja asome ukunga kwa muda usiopungua miaka 3, na aliyekwisha kuwa muuguzi asome miezi isiyopungua 18. Nadharia isiwe chini ya asilimia 40 ya mafunzo, vitendo visiwe chini ya asilimia 50. Kwa hiyo nusu ya shahada yenu, pengine zaidi, haimo kwenye ukumbi wa mihadhara. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria imetaja hata idadi: mwanafunzi apime wajawazito walau mara 100; azalishe wanawake 40, au 30 pale wanaojifungua wanapokuwa wachache, ilimradi asaidie uzazi mwingine 20; ahudumie wanawake 40 walio katika hatari; achunguze wazazi na vichanga wenye afya walau 100 baada ya kujifungua. Shahada ya miaka 3 huko hubeba saa zisizopungua 4,600. Kwingineko idadi zinatofautiana, lakini sura ni hiyo hiyo.

Hebu tazameni namba hizo zilivyopangwa. Kuzalisha 40 kumekaa katikati, kabla yake kuna 100 na baada yake kuna 100. Lakini mwanafunzi akifungua ukurasa ule wa kitabu chake cha mafunzo kwa vitendo jicho lake huona 40 tu, na hapo uwindaji huanza. Usiku mmoja anazunguka vitanda vyote, anavaa glavu kichwa kikiwa kimeshatokeza, anapokea, anaomba saini, anahamia kitanda kingine. Asubuhi kitabu chake kina watoto wanne. Muulize chupa ya mama wa pili ilipasuka saa ngapi, maji yalikuwa ya rangi gani, damu iliyotoka ilikuwa kiasi gani, kama mama alikojoa kabla ya kuhamishwa wodi. Hajui hata kimoja. Amepata saini nne na hajajifunza kitu. Mwenzake aliyekaa na mama mmoja tangu kupokelewa hadi saa mbili baada ya kujifungua amepata saini moja, na ameuona uchungu ukibadilika kila nusu saa. Huyo ndiye atakayejua, mwaka wa mwisho, kwamba mambo yameanza kwenda mrama kabla mashine haijamwambia.

Mwaka wa kwanza utawakera. Mtataka wodi, mtapewa mifupa. Ishikeni mifupa hiyo mkononi, msiikariri karatasini. Mlango wa juu wa nyonga ya kawaida ya mwanamke una takriban sentimita 13 kutoka ubavu hadi ubavu, na 11 kutoka mbele hadi nyuma. Mlango wa chini ni kinyume chake: 11 ubavu hadi ubavu, 13 mbele hadi nyuma. Kichwa cha mtoto nacho kina vipimo vyake. Kidevu kikiinama kifuani, kipenyo kinachopita ni sentimita 9.5. Shingo ikinyooka, kinakuwa 11.5. Paji la uso likitangulia, kinafika 13.5 au zaidi, na mtoto aliyetimiza miezi yake hapiti hapo kwa kusukumwa, hata mama awe na nguvu kiasi gani. Chukueni nyonga ya plastiki na mdoli, mpitisheni mara nyingi mpaka mchoke. Mtaona wenyewe kwa nini kichwa huingia kikitazama ubavuni, kisha hugeuka kadiri kinavyoshuka: kinafuata upana ulipo.

Faida ya mchezo huo huja miaka miwili baadaye, mnapopima njia. Vidole vikikuta utosi wa nyuma, ule mdogo wa pembetatu ambako maungio matatu ya fuvu hukutana, mnajua kidevu kimeinama vizuri. Vikikuta kirahisi utosi wa mbele, mpana wenye pembe nne, basi shingo imenyooka, na pengine kisogo cha mtoto kimeelekea mgongoni kwa mama. Uchungu wa namna hiyo huwa mrefu. Mama hulalamikia kiuno, na mara nyingi husikia hamu ya kusukuma kabla njia haijafunguka yote. Mwanafunzi asiyejua mifupa atamwandikia mama huyo "hatoi ushirikiano". Maneno hayo sitaki kuyaona kwenye faili lolote.

Somo la kukadiria tarehe ya kujifungua huonekana jepesi, watu hulipita haraka, nalo huwaangusha wengi. Kanuni ya Naegele inasema chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Unapata takriban siku 280. Lakini kanuni hiyo imejengwa juu ya mzunguko wa siku 28. Mwanamke wa mzunguko wa siku 35 hupevusha yai wiki moja baadaye, kwa hiyo tarehe yake isogezwe mbele siku 7. Usiposogeza, ikifika wiki 41 ya makaratasi yeye kwa kweli yuko 40, na kuna mtu atamwanzishia uchungu usiokuwa na sababu. Ulizeni urefu wa mzunguko, kama hedhi ile ilikuwa ya kawaida au matone tu, na kama alikuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango hivi karibuni. Picha ya ultrasaundi iliyopigwa kabla ya wiki 24 husaidia kukadiria umri wa mimba, na kadiri ilivyopigwa mapema ndivyo inavyoaminika zaidi. Ya miezi ya mwisho haifai kurekebishia tarehe.

Kliniki ya wajawazito ndiyo itakayokuwa wodi yenu ya kwanza. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 kwa kila mimba, badala ya 4 ya zamani. Mtapima mashinikizo ya damu mengi mpaka mikono ijiendee yenyewe, na hapo ndipo makosa huingia. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Mpira wa ndani uzunguke walau asilimia 80 ya mkono. Mama apumzike dakika 5, akae na mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo. 140 kwa 90 baada ya wiki 20 ni mstari wa kusimama na kutafuta kifafa cha mimba kinachonyemelea: pima mkojo, uliza kichwa kuuma, macho kuona maluweluwe, maumivu chini ya mbavu za kulia. 160 kwa 110 ni dharura, na haingoji zamu ijayo. Kupima tumbo nako kuna mtego wake: kibofu kilichojaa hupandisha mji wa mimba na kuficha kichwa. Mwambieni mama akakojoe kwanza. Na msikimbilie kubonyeza. Laza kiganja kizima, mikono iwe na joto, anza juu ya tumbo, shuka pembeni kutafuta mgongo, malizia chini kwenye kitangulizi, yaani sehemu ya mtoto inayotangulia.

Sasa leba, na hapa nitakaa.

Mnapopewa karatasi ya kufuatilia uchungu, mjue imetoka mbali. Daktari Friedman alichora mwenendo wa njia kufunguka mwaka 1954. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, waliongeza mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue saa ya kumsafirisha mama. Kwa miongo kadhaa wanafunzi walifundishwa kwamba njia hufunguka walau sentimita 1 kwa saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiacha kanuni hiyo, kwa kuwa wanawake wengi huenda polepole kuliko hapo na huzaa salama. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa huduma ya uchungu: ufuatiliaji wa uchungu uliokolea unaanzia sentimita 5, na kila sentimita ina muda wake wa kuhoji. Ukikaa kwenye 5 kwa saa 6, uliza kuna nini. Kwenye 6, saa 5. Kwenye 7, saa 3. Kwenye 8, saa 2 na nusu. Kwenye 9, saa 2. Vitabu vya zamani maktabani bado vinasema 3 au 4 ndiyo mwanzo, na wodi mtakayopangiwa huenda bado inatumia patografu ya zamani, yaani ile karatasi ya mistari miwili. Jifunzeni zote, na mjue ni ipi iliyo mbele yenu kabla ya kuweka alama ya kwanza.

Karatasi hiyo ni nzuri kadiri mkono unaoijaza ulivyo mwaminifu. Mikazo ya mji wa mimba huhesabiwa kwa kiganja kilicholala juu ya tumbo kwa dakika 10 kamili, kila nusu saa. Dakika 10 ni ndefu sana kwa mtu anayewinda watoto, kwa hiyo huhesabu dakika 3 na kuzidisha. Mikazo haiji kwa mpangilio wa kuzidishika. Mikazo 2 au pungufu ndani ya dakika 10 inaeleza kwa nini kichwa hakishuki. Zaidi ya 5, hasa dripu ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ikiwa inaenda, inamnyima mtoto nafasi ya kupumua kati ya mkazo na mkazo.

Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila dakika 30 katika hatua ya kwanza, na kila dakika 5 katika hatua ya pili. Sikiliza dakika nzima, anza mkazo ukiwa bado upo, uendelee walau sekunde 30 baada ya kuisha, kwa sababu kushuka kunakotisha ni kule kunakochelewa kurudi mkazo ukishaachia. Kawaida ni 110 hadi 160. Vidole vya mkono wako mwingine viwe kwenye mshipa wa mama. Mama mwenye homa au aliyechoka moyo wake unaweza kwenda 120, nawe ukauandika kwa furaha kama wa mtoto, mtoto mwenyewe akiwa taabani. Kosa hili halitokani na kukosa masomo, linatokana na kutoweka vidole viwili mahali pake.

Kupima njia ni kila saa 4, isipokuwa kuna sababu. Mweleze mama unachotaka kufanya, subiri akubali, funga pazia. Idadi ya watakaompima iwe ndogo. Mama si kielelezo cha darasa, na wanafunzi watano hawapangi foleni kwa mwanamke mmoja. Jinsi ya kuizoeza mikono ni hii: tengenezeni duara za mbao au plastiki kutoka sentimita 1 hadi 10, zifichwe ndani ya kisanduku, mpime macho yakiwa yamefumbwa, mtaje namba, kisha mfungue. Fanyeni hivyo kila wiki kwa muhula mzima kabla ya kumgusa mtu. Hata wazoefu hutofautiana kwa sentimita 1, ndiyo maana ni vizuri anayepima saa 4 awe yule yule atakayepima saa 8. Kosa kubwa la wanaoanza ni kumtangaza mama kuwa amefunguka yote wakati mlango wa kizazi umejificha nyuma, na sehemu nyembamba ya mji wa mimba imejitandaza juu ya kichwa. Vidole vinakuta kichwa kilicho laini pande zote, mwanafunzi anasema 10, mama anaambiwa asukume, anasukuma saa nzima bure. Kabla ya kusema 10, peleka vidole nyuma kabisa na uzungushe, utafute ukingo.

Halafu kuna ule ugonjwa wa kujaza karatasi baada ya mtoto kuzaliwa. Nukta zinapangwa vizuri kwenye mstari, mapigo yote 140, shinikizo zote 120 kwa 80. Mkufunzi anayejua kazi yake huitambua karatasi hiyo akiwa bado mlangoni, maana hakuna uchungu ulionyooka hivyo. Ukichelewa kupima, andika saa uliyopima kweli na uache pengo lionekane. Pengo ni kosa dogo. Namba ya kubuni inaweza kumpeleka daktari kwenye uamuzi wa kumwua mtu.

Niseme kidogo kuhusu hesabu ya dawa, kwa kuwa wengi mnafika hapa mkiamini hisabati mmeiacha sekondari. Mfano ni magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Asilimia 50 maana yake ni gramu 50 ndani ya mililita 100, kwa hiyo mililita 10 zina gramu 5. Dozi ya mwanzo kwenye mshipa ni gramu 4: vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20, unazisukuma taratibu, si chini ya dakika 5. Kisha gramu 5 kwenye kila kalio, pamoja na mililita 1 ya ganzi ya lignokaini ya asilimia 2, kwa sababu sindano hiyo inachoma kweli. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, kwa kubadilisha makalio, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalokuwa la baadaye. Kabla ya kila dozi unatazama mambo matatu: anapumua walau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, dozi husubiri. Kalsiamu glukoneti, gramu 1 ndani ya mililita 10, iwe tayari kando ya kitanda, isiwe kabatini kwa mtu aliyeondoka na ufunguo. Chupa hutofautiana, kuna zenye mililita 2 na kuna zilizokwisha kupunguzwa makali. Anayekariri "vuta nane" bila kusoma lebo siku moja atavuta nane ya kitu kingine.

Mtoto ametoka. Kwa mwindaji kazi imekwisha, ilhali kwa mkunga ndiyo imefika penye hatari zaidi.

Kwanza mtoto. Mkaushe, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mtazame kama analia au anapumua. Asipopumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, pumzi za kumpulizia kwa mfuko wa mpira na barakoa zianze kabla dakika moja haijaisha, 40 hadi 60 kwa dakika, na kwa mtoto aliyetimiza miezi mnaanza na hewa ya kawaida. Kifua kisipopanda, usiongeze nguvu za mkono. Rekebisha kichwa kisipinde wala kisizidi kwenda nyuma, kaza kingo za barakoa, safisha mdomo, ufungue kidogo, kisha jaribu tena. Ni zoezi la kurudiarudia kwenye mdoli kila wiki, maana ujuzi huu hupotea upesi usipotumika. Alama za Apgar za kupima hali ya mtoto, ambazo daktari Virginia Apgar alizitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1950, huandikwa dakika ya 1 na ya 5. Hazisubiriwi ndipo mtoto asaidiwe.

Kisha mama. Pima tumbo kuhakikisha hakuna pacha, ndani ya dakika moja mpe uniti 10 za oksitosini. Kitovu kisubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubanwa, mradi mtoto anapumua. Kondo linavutwa kwa utaratibu wakati mji wa mimba umekaza, mkono mmoja ukiuzuia mji huo juu ya mfupa wa kinena. Kuvuta huku umelegea ndiko kunakougeuza mji wa mimba ndani nje. Oksitosini ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ile iliyoshinda mezani kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, nawe utadhani mama ndiye hasikii dawa.

Damu ikikadiriwa kwa macho, karibu kila mara hukadiriwa chini, hasa ikiwa nyingi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walipewa turubai yenye alama za mililita ya kuwekwa chini ya mama, na walipoona damu imezidi walifanya mambo yote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki inayosaidia damu isivuje, maji ya mshipa, na kuchunguza chanzo. Kuvuja damu kukali na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zote hizo zilikuwapo wodini kabla. Kilichobadilika ni kupima badala ya kukisia, na kuacha ile tabia ya kujaribu kimoja, kusubiri, kisha kujaribu kingine. Asidi ya traneksamiki lazima iingie ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Baada ya hapo haina faida. Vyanzo vya kutafuta ni vinne: mji wa mimba umelegea, kuna mchaniko, kuna mabaki ya kondo, au damu haigandi. Cha kwanza ndicho kinachoongoza, na mara nyingi nyuma yake kuna kibofu kilichojaa ambacho hakuna aliyekikumbuka.

Katika saa 2 zile za kwanza, kila dakika 15 gusa tumbo uone kama mji wa mimba ni mgumu, tazama damu, shika mshipa. Mapigo ya moyo hupanda mapema kuliko shinikizo kushuka. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi shinikizo likiwa bado linapendeza, kisha akaanguka ghafla. Ni saa za kuchosha, hazina shangwe, na hakuna saini inayotolewa kwa ajili yake. Ndiyo maana nawaomba wakunga wenyeji walioko hapa: msimsainie mwanafunzi uzazi ambao hakukaa nao mpaka saa hizo ziishe.

Kuhusu kitabu cha mafunzo kwa vitendo: kijazwe siku hiyo hiyo, saini siku hiyo hiyo. Mkunga aliyekusimamia atahamishwa, ataenda likizo, nawe utabaki na kurasa ambazo hakuna wa kuzithibitisha. Jina la mama lisiandikwe humo. Namba ya faili na tarehe zinatosha, na hata hizo zifuate taratibu za hospitali. Picha za simu wodini, hata ya mguu wa kichanga, haziruhusiwi, na hilo limewaondoa chuoni wanafunzi waliokuwa na alama nzuri.

Mtihani wa vituo utawatisha mwanzoni. Unaingia chumbani, una dakika chache, mbele yako kuna mdoli na mkufunzi asiyetabasamu. Wengi huangushwa na vitu vya pembeni: hakunawa mikono, hakujitambulisha, hakuomba ridhaa, hakusema kwa sauti anachokiona, hakuita msaada. Kuita msaada kuna alama zake, na ni alama za kweli. Kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Daktari Semmelweis alithibitisha faida ya kunawa mikono, yeye akitumia maji ya klorini, mjini Vienna mwaka 1847, katika hospitali ambayo wodi iliyofundishiwa wakunga ilikuwa na vifo vichache kuliko ile ya wanafunzi wa udaktari waliotoka kupasua maiti. Nawaachia mfikirie hilo siku mtakapoambiwa ninyi ni wasaidizi tu.

Wanaume mlio humu, ninawaona. Kuna akina mama watakaowakataa, na ni haki yao, kamwe usibembeleze. Wengine watawakubali, ilimradi mweleze, mfunge pazia, na awepo mwenzao wanapopimwa.

Zamu za usiku zitawapata, na pia mtapata mtoto aliyezaliwa amefariki. Kwa la kwanza, laleni kabla ya zamu, si baada yake tu, na msiendeshe chombo asubuhi yake. Kwa la pili, hakuna fomula. Kaeni na mama, mwambieni ukweli kwa maneno ya wazi, mwulizeni kama angependa kumwona na kumshika mtoto wake, na baada ya zamu mzungumze na mkufunzi kabla hamjaenda kulala. Somo hili lina saa chache sana kwenye mtaala, na nadhani ni kasoro yetu sisi tunaoupanga.

Shahada peke yake haiwapi ruhusa ya kumgusa mama bila msimamizi. Baada yake kuna usajili kwenye baraza au bodi ya taaluma, na mara nyingi mtihani wake. Hakikisheni mapema, mkiwa mwaka huu huu, kwamba programu yenu inatambuliwa na chombo hicho na kwamba idadi zinazotakiwa kwenye kitabu chenu ndizo zinazotakiwa kule.

Jambo la mwisho ni la leo hii. Hakuna atakayeingia wodini bila chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi 3: ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, na kipimo cha kinga mwezi 1 hadi 2 baada ya kumaliza. Piga hesabu mwenyewe: anayeahirisha dozi ya leo anaahirisha wodi. Na ukichomwa na sindano kabla au baada ya hapo, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia uwezo. Meza ya chanjo iko nje ya ukumbi huu. Njooni na kadi zenu. Asiye na kadi ataandikiwa mpya.